Nguo Iliyonifanya Niogelee Chali

Nilijifunza kuogelea nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, na sababu ilikuwa magoti. Daktari aliyaminyaminya, akayakunja, akayanyoosha, kisha akaniambia nipunguze kupanda na kushuka vilima, nitafute zoezi lisiloyatwika mzigo. Kumwambia mkazi wa Kigali apunguze vilima ni sawa na kumwambia asitoke nyumbani. Nikamuuliza ni zoezi gani hilo. Akasema kuogelea, nami nikacheka mbele yake bila adabu. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa na ng'ombe wachache na woga mwingi wa maji. Mama alitukataza hata kuinama juu ya kisima. "Maji hayana tawi la kushika," alikuwa akituambia, na mpaka umri ule sikuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti hayohayo.

Nguo ya kuogelea aliniletea binamu yangu kutoka Kampala. Ilikuwa ya kipande kimoja, bluu iliyokolea, na mistari miwili myeupe ubavuni. Nilijifungia nayo chumbani Jumapili nzima baada ya ibada. Mimi ni mtu wa kwaya, sketi zangu zote hufika chini ya magoti, na mapaja yangu hayakuwa yameona jua tangu nikiwa darasa la tatu. Kioo pekee nilichonacho nyumbani ni kile cha kuchania nywele, kinaonyesha uso na mabega basi. Nikasema, uso umekubali, mabega yamekubali, yaliyobaki Mungu anayajua.

Jumamosi ya kwanza nilijifunga kitenge juu ya ile nguo, nikatembea nacho mpaka ukingoni mwa bwawa la hoteli moja ya zamani kule Kiyovu. Tulikuwa wanawake sita, wote tumevuka arobaini, wote tunashika kuta kama watu waliopotea gizani. Nilipofungua kitenge niliingia majini haraka kuliko nilivyokusudia, ili maji yanifunike. Nilikuwa nikiogopa kuonekana kiasi kwamba nilisahau kuogopa maji, na nadhani ndiyo maana nilijifunza kabla ya wenzangu.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Bujumbura, aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika na kuogelea kabla hajajua kusoma. Alikuwa mpole kupita kiasi. Hakuwahi kumwambia mtu amekosea. Alisema tu, "Mama, ile ya kwanza ilikuwa mzuri, sasa tufanye ya pili." Siku moja alinishika kichogo kwa kiganja kimoja, akaniambia, "Maji iko inakubeba, Mama. Wewe acha tu." Nikaacha. Kweli yakanibeba. Miezi michache baadaye nilivuka bwawa kutoka ukuta hadi ukuta, na nilipogusa ule wa pili wenzangu walinipigia vigelegele mpaka wageni wa hoteli wakasimama na vikombe vyao vya kahawa kutazama nani kaolewa. Nilirudi nyumbani Kagarama juu ya moto, kama tunavyoziita pikipiki za abiria, nywele zangu zikichuruzika maji ndani ya kofia ya abiria, nikiimba sauti ya alto bila kujali dereva atanifikiriaje.

Nasimulia haya ili ieleweke kwa nini sikuweza kuona kwamba ile nguo inazeeka. Sikuiona kuwa nguo. Ilikuwa shahidi wangu. Kila Jumamosi, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi tunapokwenda umuganda kufyeka nyasi na kuzibua mifereji ya mtaa, mimi na ile nguo ya bluu tulikuwa majini. Tulikwenda hivyo miaka mitatu.

Mikanda ya mabegani ilipoanza kulegea nilifunga fundo kila upande. Ilipolegea tena nikafunga fundo la pili juu ya la kwanza. Bluu ilianza kufifia, nami nikajiambia ni jua. Nikitoka majini nyuma kulikuwa kunabaki mfuko wa maji unaoning'inia, nikawa nasimama ngazini kidogo na kuukamua kwa mkono, kama mtu anayekamua ng'ombe, halafu naendelea na safari. Nilikuwa pia nimeanza kuchoka haraka. Nikasema ni umri, magoti yameambukiza mikono.

Wakati huohuo mwalimu alianza kunisifia kuogelea chali.

"Mama, leo wewe utafanya ya mgongo," aliniambia Jumamosi moja. Nikafanya. Wiki iliyofuata akasema tena, "Mama iko na kipaji ya mgongo. Tuendelee hapo." Wenzangu walikuwa wanaogelea kifudifudi, wanajifunza kugeuza kichwa kuvuta pumzi, na mimi naangalia mawingu ya Kiyovu nikipiga mikono nyuma. Wiki tano mfululizo. Nilijivuna kweli. Niliwaambia watu wa kwaya kwamba mwalimu wangu ameona jambo kwangu. Kitu kingine kilichonifurahisha ni upendo wa wale wanawake. Nikitaka kutoka tu, mmoja wao alikuwa tayari ngazini na taulo limefunguliwa, ananizungushia kiunoni kama malkia. Nikawaza, hawa wamekuwa ndugu zangu.

Wiki ya sita binti yangu alikuwa likizo. Anasoma chuoni Huye, na alikuwa hajawahi kuniona nikiogelea. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa na chupa yake ya soda. Nilimwonyesha kipaji changu, nikaenda na kurudi mara nne. Halafu kwa kuwa alikuwa mwanangu na nilitaka aone yote, nikageuka mwenyewe bila kuambiwa, nikaogelea kifudifudi mpaka mwisho, nikapanda ngazi kabla ya mtu yeyote kufika na taulo, nikasimama nimempa mgongo nikitafuta ndara zangu.

Binti yangu alinijia kwa hatua za haraka. Alinifunga kitenge kwa mikono miwili, akakaza.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hii nguo huku nyuma haipo."

"Haipo vipi?"

"Ipo kama neti ya mbu ilivyo kitandani. Unaona mtu aliyelala."

Niliwatazama wenzangu. Mmoja alikuwa anachunguza kucha zake. Wawili walikuwa wamezama ghafla mpaka puani. Mwalimu alikuwa amegeukia miti, anaiangalia kwa makini sana kwa mtu asiye bwana shamba.

"Mwalimu," nikamwita, "ni tangu lini?"

Hakugeuka. "Pole, Mama. Mimi nilishindwa kusema. Nikasema, akienda ya mgongo, ile sehemu itakuwa chini ya maji."

Nilihisi joto likinipanda kutoka shingoni mpaka masikioni, na nilikuwa karibu kulia. Halafu nikajiona nilivyokuwa nikiwasimulia watu wa kwaya juu ya kipaji changu cha mgongo, na kicheko kikanishika tumboni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wenzangu wakacheka nao, kwa nafuu kubwa, maana walikuwa wamebeba siri ile kwa wiki tano kama watu waliobeba kabati ngazini. Mmoja aliniambia kwamba walikuwa na zamu ya taulo. Walipangiana kwenye simu kila Ijumaa.

Mtu mwenye akili angeitupa nguo ile siku hiyohiyo. Mimi niliifua, nikaianika, nikaikunja, na Jumatatu baada ya kazi nikaipeleka mtaa wa Biryogo. Nilijua fundi mmoja kule, mama mtu mzima aliyekwisha kuhiji, kila mtu akimwita Hajati. Cherehani yake iko mlangoni mwa chumba chembamba kwenye kichochoro kinachonukia sambusa tangu alasiri. Nilimwamkia shikamoo. Aliinua macho kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo shikamoo umeitoa wapi? Hapa watu wananiambia bonjour."

"Karagwe, Hajati."

"Basi kaa. Mtu wa shikamoo hasimami."

Nikampa ile nguo, nikamwomba aitie bitana nyuma na kukaza mikanda. Aliipeleka mlangoni, akaiinua kwenye mwanga, na kupitia ile sehemu ya makalio tukaona wazi mtu wa sambusa upande wa pili, pamoja na karai lake. Halafu akaniita nisogee, akaivuta karibu na sikio langu. Ilitoa mlio mdogo mkavu, kama majani yanapokanyagwa wakati wa kiangazi.

"Umesikia? Hiyo ni mipira inakatika ndani kwa ndani. Nguo nyingine inafia kwenye mshono, unashona, inafufuka. Hii imefia mwilini. Nikitia bitana nitakuwa namvika maiti koti."

Nikaivuta tena mwenyewe. Ikalia vilevile.

"Uliifua kwa sabuni ya unga," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Ukaikamua kwa kuisokota, ukaianika juani."

"Ndiyo, Hajati."

"Na ukiwa huko unapenda kukaa kwenye saruji."

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha vijiuzi vilivyochomoka kwa nyuma, vimejiviringisha kama pamba. "Makalio yako yameniandikia barua," akasema, na akaendelea kuikagua bila hata kutabasamu.

Aliikataa kabisa ile kazi. Alisema hawezi kupokea kazi ambayo itamwaibisha mteja majini, mahali ambapo fundi hayupo kujitetea. Lakini aliniambia, kama nitamruhusu aifumue, atakata mpya kwa kufuata vipande vyake.

"Umewahi kushona nguo ya kuogelea?" nikamuuliza.

"Hapana. Lakini nimewahi kushona kanzu ya padri, na mimi si Mkatoliki."

Nilimruhusu. Alichukua wembe, akaanza kwenye bega la kushoto, kwenye yale mafundo yangu mawili ambayo aliyatazama kwa huzuni. Nilidhani nitaumia kuona. Badala yake nilijikuta namsimulia: kisima cha Karagwe, kitenge cha siku ya kwanza, vigelegele, na wiki tano za kuangalia mawingu. Hajati alisimamisha wembe pale penye habari ya zamu za taulo, akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya ushungi wake. Alipomaliza, mbele yetu mezani kulikuwa na vipande sita na ukanda wa mpira ulionyauka kama tambi za jana. Vilikuwa vidogo mno. Sikuelewa jinsi vilivyonitosha miaka yote ile. Hajati alivilaza juu ya karatasi ya kaki, akavizungushia penseli, na nilipotoka aliniuliza kama navitaka. Nilisema hapana, na nilishangaa jinsi neno lilivyotoka kwa wepesi.

Nguo ya kwanza aliyonishonea ilikuwa balaa. Kitambaa kilikuwa kile cha suruali za mazoezi, cheusi, kizuri kwa macho, na nilipoijaribu chumbani mwake nyuma ya pazia ilinikaa vizuri. Lakini majini ilianza kunywa. Ilivimba tumboni, ikashuka mabegani, mapajani ikarefuka mpaka magotini. Nilipofika katikati ya bwawa nilikuwa navuta mzigo nyuma yangu kama mtu anayehama nyumba.

"Mama," mwalimu aliniambia nilipofika ukingoni nikihema, na safari hii alisema bila kuzunguka, "hii nguo iko inakunywa kuliko watu wote wa hoteli."

Niliirudisha Biryogo ikiwa bado inachuruzika ndani ya mfuko. Nilitayarisha maneno ya upole. Hajati hakuyahitaji. Aliigeuza ndani nje, akaivuta huku na huku, akasema, "Kosa ni langu. Kanzu nimeiona msikitini, gauni la arusi nimeliona arusini. Hii nimeishona bila kuiona ikifanya kazi yake. Mnaogelea siku gani?"

Jumamosi akaja. Alishuka kwenye moto getini mwa hoteli, amevaa ushungi wake wa kijani na viatu vya kutokea, na utepe wa kupimia ukiwa shingoni kama wa daktari. Mlinzi alimwamkia kwa heshima, nadhani akifikiri kwamba ni mama wa mmoja wa wageni wakubwa. Alikaa kivulini, akakataa chai, akaanza kazi. Aliniambia niinue mikono. Aliniambia nipige miguu nikiwa nimeshika ukuta. Alimwita mwalimu.

"Mtu akirusha mkono mbele, nguo inavutika wapi? Begani au mgongoni?"

Mwalimu alijaribu kueleza kwa maneno, ikashindikana. Mwishowe alilala kifudifudi juu ya benchi, mbele ya wageni wote na kahawa yao, akaogelea hewani, na Hajati akazunguka benchi akimpima mgongo kwa utepe, kwanza mkono ukiwa nyuma, halafu ukiwa mbele. "Vidole vitatu," akasema mwenyewe, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. "Mgongo wake unarefuka vidole vitatu. Mimi nilikata kama mtu aliyesimama kwenye foleni."

Kitambaa sahihi alikipata kwa mfanyabiashara anayeleta nguo za michezo kutoka Kampala. Alikijaribu kabla ya kukata: alikiloweka usiku kucha kwenye ndoo aliyoitia dawa ya maji ya bwawa ambayo mwalimu alimpa kwenye chupa, asubuhi akakivuta sikioni. Kilinyamaza. Ndipo akakata. Safari hii rangi ilikuwa zambarau, kwa uamuzi wake, maana alisema bluu nimeimaliza.

Sitasahau Jumamosi niliyoivaa. Nilisukuma ukuta kwa miguu na nikaenda, tu. Maji yalipita ubavuni bila kunishika. Nilifika upande wa pili nikidhani nimefika katikati. Nikageuka, nikarudi, nikageuka tena, kifudifudi, na mikono yangu haikuwa imechoka hata kidogo. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa mwaka mzima hivi sikuwa nazeeka. Nilikuwa naburuta nguo iliyokufa, na lawama nikawa nazitupia mwili wangu usio na hatia. Niliuomba mwili msamaha palepale, nikiwa nimeshika ukingo.

Sasa naijua dalili. Kila mwezi naiinua nguo yangu kwenye dirisha la jikoni kuona kama mtaa unaonekana kupitia kwake, kisha naivuta sikioni. Naisuuza kwa maji safi kabla sijatoka hotelini, naiminya kwa taulo bila kuisokota, naianika kivulini. Kwenye saruji nakalia ndara zangu. Na nimewaambia wenzangu kwamba siku wakiona kitu waniambie wazi. Sitaki tena kupewa kipaji.

Wenzangu wote watano walimpelekea Hajati nguo zao azifumue. Tatu kati yazo zilikuwa mahututi, na nilipoziona kwenye mwanga nilijua kwamba nami nilikuwa nimeona bila kusema, mpole kupita kiasi. Kwa miezi miwili mlangoni mwake palining'inia nguo za kuogelea za kila rangi, katikati ya kanzu na mabuibui, na wapita njia wakawa wanapunguza mwendo.

Nilipokwenda kumshukuru na kumpelekea maziwa, alinisikiliza, akatia uzi kwenye sindano, kisha akauliza bila kuniangalia:

"Ule upande wa watoto, maji yake yanafika wapi?"

"Kiunoni, Hajati."

"Na mwalimu wako atageuka aangalie miti?"

"Akiombwa, anaangalia miti vizuri sana."

Alikuja Jumamosi ya pili yake na mkoba. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akakaa humo muda mrefu mpaka nikagonga. Alitoka amevaa kazi ya mikono yake: suruali ndefu, vazi la juu linalofika magotini, mikono mpaka kwenye viganja, na kilemba kilichoshonwa pamoja na shingo, vyote rangi ya kijani kibichi, mishono imenyooka kama mistari ya daftari. Wanawake watano walimwangalia kwanza kama mafundi, kabla ya kumsalimu. Mwalimu alikuwa tayari ameelekea kwenye miti.

Nilimshika mkono. Alishuka ngazi moja, akasema Bismillahi, akashuka ya pili. Maji yalipomfika kiunoni alisimama, midomo imebana. Halafu aliingiza mkono chini ya maji, akaushika upindo wa vazi lake, akauvuta, akauachia, akatazama.

"Unarudi," akaniambia.

Akaanza kutembea. Alivuka upande wa watoto hadi ukutani, akageuka, akavuka tena, mikono ameitandaza juu ya maji kama mtu anayelainisha kitambaa mezani. Safari ya nne aliniachia mkono. Ya sita alikuwa anarukaruka kidogo, na kila akiruka alicheka kwa pumzi fupi, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake Biryogo. Jua lilikuwa limeshatoka vizuri juu ya paa la hoteli. Muda wetu ulipokwisha mwalimu alikohoa, bado amegeukia miti, akasema kwamba akina mama watoke sasa, kuna kundi lingine linasubiri.

"Mwambie asubiri," Hajati alinijibu, akageuka ukutani na kuanza tena. "Bado napima."